Umri wa Tembo

Mfaransa alishukia Raskazone na chupa sita,
kila moja imefungwa gazeti kama mkate wa moto.
Bwana Pirbhai akaniita kutoka jikoni:
"Zawadia, njoo uonje,
wewe ndiye utakayewamiminia wageni."

Akazipanga mezani kwa ukoo, si kwa bei.
Hii ya mwaka huu, imetoka gizani juzi tu.
Hii ya Visima Vitatu, shamba la mama yake.
Hii ya Ukuta wa Mjane, ekari mbili na robo,
mteremko unaotazama jua la asubuhi,
na chini ya mizabibu ni chokaa, chokaa tupu,
alisema, akibusu ncha za vidole vyake,
"mizizi inalamba jiwe."

Chokaa! Mimi mtu wa Maweni.
Chokaa ndiyo iliyompa kaka yangu mshahara na kikohozi,
ndiyo iliyoyapaka mahindi ya mama unga
kabla hayajafika mashineni.
Sikujua ina ladha ya kuuzwa.

Akanifundisha: zungusha, nusa, sukutua, tema.
Hapo kwenye kutema nikasita.
Kwetu ukitema kinywaji cha mtu mbele yake
umevunja posa.
Nikameza.

"Unasikia nini?" akauliza, kalamu tayari.
Nikasema: ganda la ndimu. Kamba ya mkonge iliyolowa.
Sarafu uliyoificha mdomoni ukiwa mtoto
umetumwa dukani.
Akaandika yote, hata sarafu.
Ile ya mwaka huu nikasema bado ina haya.
Akacheka, akasema babu yake angeniajiri.

Nilitaka kumwambia mgema ninaye nyumbani.
Baba ana minazi kumi na mmoja kule Mwambani,
si yake, ameikodi,
lakini majina ameipa yeye:
Mkopeshaji, Bi Arusi, Kengeza,
na ule ulioegemea ua wa shule, Mwalimu Mkuu.
Hupanda alfajiri, kotama kiunoni,
hukata karara wembamba wa ukucha,
hushuka na kibuyu kinachonong'ona.
Naye ana mpya. Kila siku ana mpya.
Saa moja ni maziwa ya mtoto,
saa sita limeshajua matusi,
magharibi ni siki ya kachumbari.
Huyu huhesabu miaka.
Baba huhesabu adhana.

Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Baba hajasifiwa bado. Tembo lake zito.

Jioni nikaomba chupa moja tupu,
Ukuta wa Mjane, pamoja na kizibo chake.
Baba akaipokea kama mtoto wa watu,
akanusa shingo yake, akauliza:
"Huyu naye hupanda?"
Hapandi, nikasema. Mzabibu ni mfupi. Huinama.
"Mgongo, basi," akasema. "Mimi magoti."
Hilo likamtosha kumjua.

Kesho yake akaijaza tembo la Bi Arusi,
akakigongea kizibo kwa kiganja, akaiweka dirishani,
karatasi yake ikitazama njia
ili wapitao wasome.
Karibu na adhuhuri likafyatuka.
Kizibo kikapiga bati, kikapiga sufuria la jirani,
jirani akapiga kelele,
na povu likateremka taratibu
juu ya ukuta uliochorwa, juu ya jina la mjane.

Baba alikuwa kizingitini, hakushtuka.
Akaja akalamba shingo ya chupa, akalamba na mkono.
"Huyo rafiki yako akirudi," akasema,
"muulize la kwake alilibembeleza kwa maneno gani
hata likakubali kungoja."